Niliyebaki Ndani ya Bani

Juzi sokoni Migori nilisimama mbele ya mama mmoja anayeuza ugoro. Situmii ugoro, sivuti chochote, na sikuwa na shughuli naye. Alikuwa amefungua fungu la majani makavu ya tumbaku ayatwange, na harufu ikanifikia kabla sijamwona yeye: asali iliyoungua kidogo, nyasi kavu, gunia lenye unyevu. Nikashika nguzo ya kibanda chake.

Mama akanitazama, akacheka. "Dada, hata hujaonja na tayari imekushika?"

Nilitaka kumweleza, lakini ningeanzia wapi? Mimi mwenyewe siwaamini sana watu wanaosema harufu fulani iliwarudisha utotoni. Huwa najiuliza wametia chumvi kiasi gani. Mtu anakumbuka kikombe cha chai cha miaka ishirini iliyopita, na jana alikula nini hajui. Na bado nilikuwa pale, mtu mzima mwenye shahada, nimekumbatia nguzo, natafuta kwa macho mlango wa bani.

Kwa asiyelijua, bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku: ndefu kwenda juu, kuta za udongo, haina dirisha. Ndani, boriti zimepangwa moja juu ya nyingine hadi karibu na paa. Chini sakafuni yamelazwa mabomba makubwa ya chuma yanayopitisha joto la moto unaochochewa kutoka nje. Majani mabichi hufungwa kwenye fito, fito hutundikwa kwenye boriti, mlango hufungwa, na moto hukaa macho usiku na mchana mpaka majani yabadilike rangi. Letu lilikuwa nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Kehancha, na Baba alilitunza kuliko nyumba tuliyolala.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu hakuna aliyenisifu kwa hilo. Kwa nini mpaka wa Tanzania hauonekani ardhini? Kwa nini kuku akinywa maji anaangalia juu? Kwa nini Mama hagusi tumbaku? Hili la mwisho niliambiwa nilinyamazie. Mama alikuwa Mluo wa Kendu Bay, Msabato wa kuzaliwa ambaye dini yake inakataza tumbaku, na alipoolewa Ukuria walikubaliana na Baba jambo moja. Angelima mahindi, angekamua, angewapikia wafanyakazi wa tumbaku hata wawe wangapi, ila mkono wake usingegusa jani lenyewe. Baba aliliheshimu hilo. Majirani walilizungumza, hasa msimu wa kufunga majani, wanawake wote wa karibu walipokaa kivulini na fito mapajani huku Mama akipita na sufuria ya chai kama mgeni aliyepotea njia.

Siku ile swali langu lilikuwa jepesi. Wanaume ndio waliopanda kwenye boriti kupokea fito na kuzitundika. Sisi wa kike tulibaki chini.

"Kwa nini wasichana hawapandi?" nikamuuliza Baba.

"Ni hatari."

"Na Mwita?" Mwita ni kaka yangu, ananipita miaka miwili tu.

"Mwita ni mwanamume."

"Kwa hivyo akianguka haumii?"

Baba akaangua kicheko. "Huyu mtoto atakuwa wakili, au atafungwa."

Mama mmoja jirani, bila kuinua macho kwenye fito yake, akaongeza kwamba msichana akikaa juu ya tumbaku, tumbaku hutoka nyeusi. Mwita naye akasema hapana, sababu ni sketi, basi. Watu watatu, sababu tatu. Ningekubali moja. Tatu zilinionyesha kwamba hakuna aliyejua. Na kwa kuwa ya Mwita ndiyo pekee niliyoweza kuitatua mara moja, nilivaa kaptula yake.

Baba alikuwa ameenda kukagua kuni. Nilipanda. Anayetundika husimama ameachanisha miguu, mmoja boriti hii, mwingine boriti ile, na Mwita akawa ananipandishia fito huku akisema, "Haya wakili, shika." Nilikuwa juu ya vichwa vyao wote. Majani mabichi yalinipaka ulimbo mikononi. Nilifurahi mno, na furaha ile ndicho kitu cha mwisho ninachokikumbuka kikiwa na rangi zake zote. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka mguu wangu wa kushoto ukitafuta boriti na kukuta hewa.

Kichwa kiligonga bomba la chuma. Nilizinduka kifuani kwa Baba, tunakimbia kuelekea barabarani ambako bodaboda alikuwa ameitwa. Nikatapika begani kwake. Na nikitazama nyuma kupitia bega hilo, niliona jambo ambalo kwa mtu mzima lisingekuwa na maana yoyote: majirani waliobaki wakifunga mlango wa bani, na moshi wa kwanza ukitoka. Majani mabichi hayangoji mgonjwa. Yakishapandishwa, moto huwashwa siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Kila mtu pale alilijua hilo, hata mimi.

Hospitalini mjini daktari alinimulika machoni kwa tochi, akaniuliza jina langu na vidole vyake viko vingapi. Nilijibu vizuri. Akasema ubongo umetikisika, nipumzike, nisikimbiekimbie, itapita. Baba akashukuru. Wote tukashukuru.

Haikupita.

Sijui niielezeje hali ile bila kuipamba. Maumivu yaliisha mapema, na labda ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kilichobaki kilikuwa ukungu. Sauti za watu zilinijia kana kwamba wako chumba cha pili na mlango umerudishwa. Uji haukuwa mtamu wala mchungu. Niliuangalia mkono wangu ukishika kijiko, nikaona umeshika vizuri, kama mtu anavyouona mkono wa mwenzake. Kibaya kuliko vyote ni uso wa Mama. Ulikuwa ule ule, kila kitu mahali pake, na haukuniambia chochote. Ilikuwa kama kutazama picha ya mama wa mtu mwingine, mwanamke mzuri, mwenye huruma.

Na maswali yakaisha. Sikuyazuia. Yalikuwa hayapo tu. Niliambiwa kaa, nikakaa. Niliambiwa kula, nikala.

Watu walifurahi! Hadi leo hili linanikera. Mwalimu wa darasa letu alikutana na Mama njiani akamwambia, "Huyu binti ametulia siku hizi. Sijui mmemfanyaje." Mama akasema asante, kwa sababu angesema nini kingine? Jirani yule wa tumbaku nyeusi akasema mtoto amepata heshima, kumbe alihitaji kugongwa kidogo. Baba aliniita nimletee maji na nilipoyaleta bila kuuliza kwa nini asitumwe Mwita, akanipapasa kichwa. Nawauliza wenzangu wa rika langu mliolelewa kama mimi: ni wangapi kati yetu tulisifiwa siku ambazo hatukuwepo?

Aliyeogopa ni Mwita. Kabla ya hapo aliwahi kuniombea niwe bubu. Sasa alinifuata nyuma ya nyumba na uongo mpya kila siku.

"Unajua ng'ombe wa Tanzania wana meno ya mbele juu?"

"Sawa."

"Nimesema juu. Kama mbwa."

"Nimesikia."

"Hutaniambia mimi ni mwongo?"

Nikamwangalia.

"Baba alizaliwa na vidole sita, kimoja akakiuza," akasema haraka. "Na mwezi tunaouona hapa si ule wa Isebania. Wao wana wao." Akangoja. "Uliza kitu, wewe. Chochote. Nitakupa kaptula yangu."

Nilitaka kumsaidia. Nilitafuta swali ndani yangu kama unavyotafuta sarafu mfukoni, na mfuko ulikuwa umetoboka.

Lakini akili ya mtoto haikai bure hata ikiwa ndani ya ukungu. Polepole nilipata maelezo, na yalikuwa na mantiki kuliko yote niliyosikia kwa watu wazima. Kitu kikiingia bani kinatoka kikiwa chepesi, kwa sababu kimeachia maji yake humo. Mimi nilikuwa nimekuwa mwepesi. Nilikuwa juu kwenye boriti, kisha nikawa chini sakafuni, na kati ya hapo na pale kuna kitu kilikosa kuanguka pamoja nami. Kilibaki kule juu kati ya majani. Kisha wakafunga mlango wakawasha moto. Daktari alimtibu aliyepelekwa. Yule mwingine hakupelekwa popote. Mimi mwenyewe nilikuwa bani, nakauka.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa mdomo wa nani?

Mama ndiye aliyeamua kwamba moshi unanichelewesha kupona. Akanipeleka Kendu Bay kwa mama yake, Dani wetu, kupumzika. Dani alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, kisha akamgeukia Mama.

"Tumbaku imekula akili ya mtoto. Si nilisema?"

"Mama, alianguka."

"Alianguka kutoka wapi? Kutoka kanisani?"

Mama akainuka. Alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nililazwa kwenye chumba chenye pazia zito, na nje omena walikuwa wameanikwa juani, wale samaki wadogo ambao harufu yao siku nyingine ingeniamsha na njaa. Sikusikia harufu yoyote. Dani alinipenda kwa ukali. "Fungua mdomo, nyakwara, mjukuu wangu," na kijiko kikaingia. Siku ya Sabato walikuja wazee wa kanisa na akina mama wa maombi, wakanizunguka, wakaniwekea mikono. Mikono mingi, mizito, yenye joto, juu ya kichwa ambacho hakikuwa changu. Walilia kwa ajili yangu, na nawaheshimu kwa machozi yale. Nilitaka tu kuwaambia wanabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, mwenyewe yuko Kehancha.

Kisha Mwita akapiga simu. Dani aliniwekea simu sikioni.

"Bani limefunguliwa zamani!" Alikuwa anapiga kelele kana kwamba Kendu Bay ni ng'ambo ya ziwa. "Tumbaku imetoka rangi ya limau, safi kabisa. Ile ya kutoka nyeusi ilikuwa uongo, umesikia? Uongo mtupu. Tumechambua, tumefunga marobota. Lori la kampuni linakuja Alhamisi, linabeba yote."

Linabeba yote.

Sijui kama mmewahi kuogopa mkiwa ndani ya ukungu. Woga hauji na mapigo ya moyo. Unakuja kama baridi kutoka miguuni. Nilijiona Alhamisi hiyo nikipakiwa, nikifungiwa turubali, nikipelekwa mahali ambako majani husagwa na watu wasionijua wakanivuta, nikaisha. Na huyu aliyebaki, mwenye heshima, angekulia nyumbani kwetu mahali pangu. Angeolewa. Angezeeka. Hakuna ambaye angejua.

"Dani," nikasema, "nataka nyumbani."

Dani aliumia, niliona. Mama hakuumia. Aliacha alichokuwa akifanya, akaja akachuchumaa mbele yangu. Kwa majuma mengi sikuwa nimetaka kitu chochote, na alikuwa amelisikia neno lile. "Nataka," akarudia taratibu. Jioni ya Jumatano tulikuwa Kehancha.

Asubuhi kulipokucha niliingia stoo na kisu cha jikoni. Marobota yalikuwa yamepangwa ukutani, makubwa kuliko mimi, yamevishwa gunia na kushonwa kwa uzi wa katani. Baba alikuwa nje njiani akisikiliza lori. Nilikata uzi wa lililo karibu. Robota hukandamizwa sana wakati wa kufungwa, kwa hiyo likikatwa hupumua: majani yalijisukuma nje, na harufu ile ikanijaa puani. Ilikuwa harufu ya kwanza tangu nianguke. Nikaanza kutoa jani moja moja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefikiri jambo moja: ningefananaje? Ningekuwa na rangi gani? Sikujua ninachotafuta. Nilitafuta jani litakalonitambua.

"Unafanya nini?"

Baba alikuwa mlangoni. Majani yalikuwa yamenizunguka mpaka magotini.

"Natafuta."

"Unatafuta nini, mama?" Baba aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mimi," nikasema. "Nilibaki bani. Mlinipeleka hospitali mkaniacha ndani, mkawasha moto."

Kwa mbali lori lilisikika likipanda kuelekea kwa jirani. Baba aliangalia robota. Mle mlikuwa na kila kitu, tangu kumwagilia miche kabla ya jua, hadi kuchoma kuni usiku kucha, hadi ada zetu za shule. Kampuni haipokei robota lililopasuliwa. Alikuja akachukua kisu mkononi mwangu, nami nikafumba macho, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Nilisikia magoti yake yakigusa sakafu.

"Ulikuwa boriti ya juu kabisa au ya katikati?"

Nikafumbua macho. "Ya juu."

Alifikiri, kama anavyofikiri akikadiria mvua. "Majani ya juu tulianza kuyashusha upande wa mlango. Yatakuwa kwenye hili na lile la pale." Akaanza kutoa majani, akiyainua mojamoja kwenye mwanga, akiniangalia baada ya kila jani.

Mama aliingia akikimbia. "Baba Mwita, lori liko kwa jir..."

"Anasema yumo humu," Baba akasema.

Nimemjua Mama miaka yote hii na bado siwezi kusema alifikiri nini pale. Alinitazama mimi, akatazama lundo. Kisha akakaza leso kiunoni, akapiga magoti upande wa pili, akaingiza mikono kwenye tumbaku mpaka viwikoni. Baba aliiangalia ile mikono, akalisogeza lundo karibu nayo. Tukaendelea watatu.

Nilipokua nilimuuliza Baba kama aliniamini. Akanijibu, "Ningefanya nini? Nikuchape ndiyo urudi?" Si jibu, nilimwambia. Akasema ndilo alilo nalo. Rafiki yangu mmoja ambaye ni daktari ananiambia ubongo wa mtoto hupona wenyewe, ukungu ungeondoka hata kama tungebaki tumelala siku ile, na sina hoja ya kumpinga. Haukuondoka siku ile. Kesho yake nilikuwa mzito tena, na mwezi mzima baadaye bado niliangalia mikono yangu kwa mashaka. Uliondoka kidogo kidogo, kwa namna ambayo sikuiona, mpaka siku moja nikalalamika kwamba mboga ina chumvi nyingi na kila mtu mezani akaacha kula. Nimesoma niwezavyo kuhusu mtikiso wa ubongo, na maandishi yananieleza kila kitu isipokuwa ni nani aliyekuwa akitazama wakati ule wote, na alikuwa amesimama wapi. Kwa hiyo sidai kwamba tumbaku iliniponya, wala maombi, wala mapumziko. Nasimulia tu lililotokea.

Robota la kwanza liliisha. Gunia lilibaki chini tupu kama ngozi. Mwita alikuwa amefika mlangoni, amesimama na ndoo ya maziwa, hathubutu kuingia.

"Umejiona?" Baba akauliza.

"Bado."

"Basi tufungue lingine."

Nje lori lilipiga honi, sasa liko kwetu, na mtu akaita jina la Baba kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Baba hakugeuka. Aliliburuta robota la pili hadi katikati, akaweka kisu kwenye uzi.

"Na lori?" nikauliza.

Kisu kikasimama. Mikono ya Mama ikatulia ndani ya majani. Mlangoni Mwita alishusha ndoo chini polepole, maziwa yakamwagikia miguuni, asiyaangalie. "Mama," akasema, "ameuliza."

"Litangoja," Baba akanijibu.

"Na lisipongoja?"